Bweni la Kibimba: Shule ya Marafiki katika Nyanda za Juu za Burundi

Shule ya Kibimba, iliyojengwa katika nyanda za juu za Burundi kando ya barabara kuu inayotoka Bujumbura kwenda Gitega, ilianzishwa na Marafiki, yaani Wakristo wanaojulikana duniani kwa jina la Wakweka, na kwa miongo kadhaa ilikuwa shule ya bweni iliyowaandaa walimu wa shule za msingi za Kiprotestanti nchini humo. Kwa wakazi wa Uvira, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, si mahali pa mbali sana: usiku, kutoka mtaa wa Kimanga, taa za Bujumbura huonekana ng'ambo ya ziwa, na milima iliyosimama nyuma ya taa hizo ndiyo anayoikwea msafiri wa kwenda Kibimba. Hata hivyo jina la shule hii limevuka mipaka kwa sababu ya siku moja tu, tarehe 21 Oktoba 1993, ambapo makumi ya wanafunzi wake waliteketezwa kwa moto, na tangu hapo imekuwa kawaida kuieleza Kibimba kana kwamba kabla ya siku ile hapakuwa na lolote la kusimulia, na baada yake pakazuka maridhiano kwa muujiza. Mambo hayakwenda hivyo, na anayetaka kuyaelewa hana budi kuanzia kwenye bweni lenyewe, na kwa wale waliolijenga.

Jina la Wakweka lina asili ya kejeli. Katikati ya karne ya 17, huko Uingereza, George Fox na wafuasi wake walifundisha kwamba Mungu husema na kila mtu moja kwa moja, pasipo haja ya padri wala sakramenti, na wapinzani wao wakawabandika jina lenye maana ya watu wanaotetemeka. Wenyewe walipendelea kuitana Marafiki. Ibada yao ilikuwa ya kukaa kimya hadi mmoja aguswe moyoni na kusimama kusema, walikataa kula kiapo mahakamani, na mwaka 1660 walimpelekea Mfalme Charles wa Pili tamko la kukana vita na silaha za kila namna. Msimamo huo ndio uliofanya mashirika yao mawili ya huduma, la Uingereza na la Marekani, yatunukiwe Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1947. Lakini Marafiki waliofika Afrika hawakuwa wote wa mkondo huo wa ukimya. Katika karne ya 19 uamsho uliovuma katika majimbo ya kati ya Marekani uliwapata Wakweka wengi, wakaanza kuwa na wachungaji wa kulipwa, kuimba tenzi na kuhubiri toba na utakatifu kama walivyofanya majirani zao Wamethodisti, na katika jimbo la Kansas mkondo huo wa kiinjili ndio ulioshika usukani. Kibimba ni kazi ya watu wa Kansas, na jambo hilo lina uzito katika yote yaliyofuata.

Njia ya kufika Burundi ilipitia Kenya. Mwaka 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Edgar Hole na Arthur Chilson, walifungua misheni huko Kaimosi, magharibi mwa Kenya, wakaiita misheni ya viwanda, kwa maana kwamba injili ingeandamana na kazi za mikono kama kufyatua matofali, kupasua mbao na useremala. Kutokana na mbegu hiyo Kenya imekuwa nchi yenye Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Chilson alikaa Kaimosi kwa zaidi ya miaka 20, akarudi kwao, kisha, akiwa na umri wa kupita miaka 60, ambao wengi huutumia kupumzika, akafunga safari tena pamoja na mkewe Edna na binti yao Rachel, safari hii akitumwa na Marafiki wa Kansas kutafuta shamba jipya la kazi. Mwaka 1934 walipewa Kibimba. Mahali hapo palikuwa na misingi ya zamani, kwa kuwa wamisionari wa Kijerumani wa jumuiya ya Neukirchen walikuwa wamefungua vituo kadhaa nchini kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakaviacha Wabelgiji walipoitwaa nchi mwaka 1916, na vituo hivyo vilibaki mahame mpaka Waprotestanti wa mataifa mengine walipovirithi kimoja kimoja. Chilson alifariki mwaka 1939 akiwa bado kazini Burundi. Lugha yenyewe iliwasaidia wageni hao kujieleza, maana rafiki kwa Kirundi huitwa umugenzi, neno lenye shina moja na kwenda, yaani yule mnayeandamana naye njiani, na si rahisi kupata tafsiri ya jina la Wakweka iliyo bora kuliko hiyo.

Hawakuwa peke yao. Wabatisti wa Denmark walikuwa wametangulia kwa miaka michache huko Musema, Wamethodisti Huru na Waanglikana walifika mwaka 1935, na Wapentekoste wa Sweden, ambao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920 walikuwa na kituo chao Uvira, nao walivuka wakaanza kazi upande wa Burundi. Makundi haya madogo, yenye lafudhi tofauti na mafundisho yanayogongana juu ya ubatizo na karama za Roho, yalilazimika kushirikiana kwa sababu moja ya kidunia kabisa, nayo ni fedha za shule. Serikali ya Kibelgiji, iliyoitawala Ruanda-Urundi kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, iliigawa elimu kwa misheni ilizoziita za kitaifa, yaani za Wakatoliki wa Ubelgiji, ikazilipa ruzuku, wakati Waprotestanti walihesabiwa kuwa wageni na hawakupata kitu. Watoto wa machifu walisomea Astrida, mji unaoitwa sasa Butare au Huye nchini Rwanda, katika shule iliyofunguliwa na Mabruda wa Upendo mwaka 1929, na mtoto wa mkulima Mprotestanti aliishia darasa la kusoma Agano Jipya. Ni baada ya Vita vya Pili vya Dunia tu, waziri wa makoloni Robert Godding alipofungua mlango mwaka 1946, ndipo misheni za Kiprotestanti nazo zilipoanza kuhesabiwa katika ruzuku. Mlango huo ulikuwa na kizingiti: shule iliyotaka ruzuku ilipaswa kufuata mtaala wa serikali, kufundisha Kifaransa, na kuwa na walimu wenye vyeti, hivyo Wamarekani wa kutoka mashamba ya ngano ya Kansas walijikuta Brussels wakinyambua vitenzi vya Kifaransa kabla ya kupanda meli.

Hapo ndipo ilipozaliwa Kibimba inayokumbukwa. Hakuna dhehebu moja la Kiprotestanti lililokuwa na wanafunzi wala walimu wa kutosha kuendesha shule kamili ya ualimu, yaani ile inayoitwa kwa Kifaransa école normale, ambamo kijana aliyemaliza shule ya msingi huongezewa masomo na kufundishwa namna ya kufundisha. Madhehebu yakakubaliana kuiweka kwa Marafiki, Kibimba, penye nafasi na hospitali, na karibu na katikati ya nchi. Kwa uamuzi huo, uliotokana na hesabu za fedha kuliko maono yoyote, shule ya kanisa moja dogo ikawa shule ya nchi nzima, kwa kuwa iliwapokea Wamethodisti Huru, Waanglikana, Wabatisti na Wapentekoste, waliotoka katika vilima vya kusini na vya kaskazini, na kuwalaza chini ya paa moja.

Bweni ni jambo zito kuliko linavyoonekana, hasa Burundi. Warundi hawakai vijijini kwa maana ya nyumba zilizosongamana. Kila kaya ina boma lake ndani ya migomba yake, kilima kinatazamana na kilima, na mtu humjua jirani kwa njia inayopita kati ya mashamba. Mtoto aliyepelekwa bweni alitoka katika ua wa nyumba yao moja kwa moja hadi kwenye chumba chenye safu za vitanda, alimokuta watoto ambao hajui baba zao ni akina nani. Alikuja na sanduku lake la bati lenye kufuli, godoro, blanketi, sahani na kikombe, kama wafanyavyo wanafunzi wa mabweni ya eneo hili hadi leo. Aliyetoka Imbo, uwanda wa joto unaopakana na ziwa, mahali penye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, alikutana na baridi ya nyanda za juu ambayo blanketi moja haikuitosha. Chakula kilikuwa maharagwe, na maharagwe, na siku za neema ndagala zilizokaushwa kwenye fukwe za Tanganyika. Kengele iliamua saa ya kuamka, ya sala, ya masomo na ya kazi za bustani. Wahutu na Watutsi, ambao husema lugha moja na kuishi katika vilima vilevile, na ambao utawala wa Kibelgiji ulikuwa umewaandika kama jamii mbili zenye hadhi tofauti, walilala bega kwa bega, wakajua nani anakoroma na nani huota kwa sauti.

Wahitimu mashuhuri wa shule kama hii hawahesabiki kwa urahisi, na sababu yake imo katika aina ya shule yenyewe. Friends School Kamusinga, shule ya bweni ambayo Marafiki wa Kenya waliifungua karibu na Kimilili mwaka 1957, ilikuwa sekondari ya kuelekea chuo kikuu, kwa hiyo inaweza kuonyesha wanasiasa na mawakili, akiwemo Moses Wetang'ula, Spika wa Bunge la Taifa la Kenya tangu 2022. Shule ya ualimu hairushi watu juu namna hiyo, inawatawanya. Kijana wa Kibimba alirudi kilimani na cheti chake, akapewa darasa la watoto 50 au zaidi, ubao mmoja na boksi la chaki, akawa mwalimu, mwandishi wa barua za watu wasiojua kusoma, msomaji wa Biblia siku ya Jumapili na mara nyingi mzee wa kanisa. Jina lake halikuingia katika kitabu chochote, lakini kanisa la Kiprotestanti la Burundi lilisimama juu ya mabega ya watu wa aina hiyo, na kwa kuwa baadhi yao walivuka ziwa, wakikimbia au wakitafuta kazi, hata upande wa Kongo walionekana.

Kukimbia kulianza mapema. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, miezi michache baada ya Mwanamfalme Louis Rwagasore kuuawa, na mwaka 1965 jaribio la mapinduzi lililoshindwa lilifuatwa na mauaji ya viongozi wa Kihutu. Kisha ukaja mwaka 1972. Mwishoni mwa Aprili waasi walishambulia miji ya kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi wengi, na jeshi la Rais Michel Micombero likajibu kwa kuwasaka Wahutu wote waliosoma: walimu, wauguzi, makarani, wachungaji, wanafunzi wa sekondari. Makadirio ya waliouawa ni kati ya 100,000 na 300,000. Orodha zilisomwa madarasani, malori yakasimama nje, na aliyeitwa hakurudi. Shule za sekondari na za ualimu ndizo zilizoumizwa zaidi, kwa sababu ndiko kalamu ilikopatikana. Maelfu walivuka kuja Uvira, Fizi na Kigoma, na nyumba nyingi za pwani ya kaskazini ya ziwa zina bibi au babu aliyefika kwa mtumbwi mwaka huo. Kwa shule ya bweni tukio hili lilikuwa na maana ya pekee, ingawa halikuandikwa kwenye ubao wowote: watoto waliofuata walilala katika vitanda vya watu waliokuwa wametolewa, na pande zote mbili zilijua, na hakuna aliyesema.

Katika utawala wa Rais Jean-Baptiste Bagaza, kuanzia 1976 hadi 1987, serikali iliyabana makanisa, ikawafukuza wamisionari wengi na kuzitwaa shule. Marafiki wa Kimarekani waliondoka, na kanisa likabaki mikononi mwa Warundi. Inafaa kusema wazi hapa kile ambacho Wakweka wa Burundi wenyewe wamekiri mara nyingi tangu wakati huo, kwamba katika miaka 50 ya kuhubiriwa waliufahamu wokovu, wakajua toba na utakatifu wa moyo, lakini tamko la 1660 juu ya vita lilifika kwao kwa mnong'ono tu. Wamisionari wa mkondo wa kiinjili waliitazama amani kama amani ya nafsi na Mungu wake. Kuhusu mwanafunzi wa kitanda cha jirani, ambaye baba yake huenda alimtaja baba yako katika orodha, hapakuwa na somo.

Miongoni mwa waliofika Kibimba katika miaka hiyo alikuwa Gilbert Tuhabonye, mtoto wa wakulima wa Kitutsi, aliyezaliwa mwaka 1974 huko Songa, katika jimbo la Bururi, kusini. Ndiye mwanafunzi wa Kibimba anayejulikana zaidi nje ya nchi, na alianza kujulikana kwa miguu yake. Katika shule ya bweni mbio ni furaha ya bei nafuu, isiyodai kiwanja wala viatu, na kijana huyo alikimbia kwa kasi iliyomfanya awe bingwa wa taifa katika mita 400 na mita 800 akiwa bado mwanafunzi, na kutazamia nafasi ya kusoma Marekani kwa ajili ya riadha.

Tarehe 1 Juni 1993 Burundi ilimchagua Melchior Ndadaye, Mhutu wa kwanza kuwa rais, katika uchaguzi uliosifiwa na wengi. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba kikundi cha wanajeshi kilimuua. Habari zilipanda vilimani kwa redio asubuhi hiyo, miti ikakatwa na kulazwa barabarani ili magari ya jeshi yasipite, na katika sehemu nyingi za nchi Wahutu wenye hasira waliwageukia majirani zao Watutsi, kisha jeshi likawaua Wahutu bila kuchagua. Huko Kibimba wanafunzi wa Kitutsi na baadhi ya walimu walikusanywa, wakafungwa kamba, wakasukumwa kwa vipigo hadi kwenye jengo la kituo cha mafuta kilichokuwa karibu na barabara, jengo likamwagiwa mafuta na kuwashwa. Walikufa zaidi ya 70. Tuhabonye alilala kwa saa kadhaa chini ya miili ya wenzake, moto ukimla mgongo na mguu, akavunja dirisha na kutoka mbio gizani, kundi la watu likimfuata. Baadhi ya waliokuwa nje ya jengo hilo walikuwa wameketi naye darasani. Jambo hili ndilo linaloitofautisha Kibimba na mauaji mengine mengi ya juma lile, yaani kwamba mshika kiberiti na aliyefungiwa ndani walikuwa wamekula maharagwe ya sufuria moja.

Mkuu wa shule, aliyekuwa Mhutu, alihukumiwa kifo kwa kuhusika na mauaji hayo, akanyongwa tarehe 31 Julai 1997 pamoja na wafungwa wengine watano. Amnesty International ililaani hatua hiyo na kusema kwamba watu hao hawakupata kesi ya haki. Mahali pa moto pamejengwa mnara wa kumbukumbu wenye maneno ya Kifaransa Plus jamais ça, yaani isitokee tena, na kwa kuwa uko kando ya barabara kuu, kila basi la Gitega hupita mbele yake.

Baada ya Oktoba, Kibimba iligawanyika kwa namna iliyoonekana kwa macho. Watutsi waliookoka walikaa kambini, karibu na majengo ya misheni, wakilindwa na wanajeshi. Wahutu walibaki vilimani au vichakani, wakiwaogopa wanajeshi hao hao. Hospitali na shule vilikuwa katikati, na anayetaka kufika huko alipita mbele ya bunduki. Ni katika hali hiyo, mwaka 1994, watu wachache wa pande mbili, wengi wao Marafiki, wakisaidiwa na Wamenno, ambao ni Wakristo wengine wanaokataa vita, waliunda kamati ya amani ya Kibimba. Kazi yao ya mwanzo haikuwa hotuba. Walitaka watoto warudi shule ya msingi, kwa hiyo walipaswa kwanza kuwashawishi wazazi wa vilimani wawapitishe watoto mbele ya wanajeshi, na wazazi wa kambini wakubali watoto wao waketi na watoto wa vilimani. Walipanga mechi za mpira, wakahimiza soko lifunguliwe, maana anayeuza viazi hawezi kuchagua mnunuzi, na wakakutanisha makundi madogo ya kuzungumza. Wakati huo ndipo Wakweka wa Burundi walipoanza kwa bidii kusoma historia ya kanisa lao wenyewe, wakalikuta lile tamko la 1660, na wakaona ajabu kwamba hawakuwahi kulifundishwa. Walilipata kwa kulihitaji, na hii ni tofauti kubwa na kulirithi.

Kutokana na majaribio hayo na mengine ya Rwanda zilitokea semina za kuponya majeraha ya moyo, ambazo tangu 2003 zimeenezwa kwa msaada wa African Great Lakes Initiative, shirika la Wakweka lililoanzishwa na Mmarekani David Zarembka mwaka 1998. Washiriki 20 hivi, nusu kutoka upande huu na nusu kutoka upande ule, hukaa pamoja siku tatu. Kwenye karatasi kubwa ubaoni huchorwa mti wa kutoaminiana, na kila mmoja hutaja mizizi yake, uvumi, wivu wa mashamba, orodha za 1972, kisha matunda yake. Baadaye huchorwa mti wa pili, wa kuaminiana, na mara nyingi, ndivyo wasimulizi wanavyosema, mti wa pili huchukua muda mrefu zaidi kujaa. Mbinu hiyo ilivuka mpaka na kufika Kongo, ambako kanisa la Marafiki, lililochipuka kutoka Burundi, lina makao yake Abeka katika Fizi, kwenye pwani ileile ambayo imepokea wakimbizi wa Burundi kwa vizazi, hadi wale wa 2015 waliowekwa kambini Lusenda.

Kuhusu Tuhabonye, alikaa hospitalini kwa miezi, akajifunza upya kutembea, na mwaka 1996 akapelekwa Marekani katika mpango wa kuwafundisha wanariadha huko LaGrange, Georgia. Alisoma Chuo Kikuu cha Abilene Christian, Texas, akakiwakilisha kwa mbio katika mashindano ya vyuo, akahitimu mwaka 2001, akahamia Austin na kuwa kocha wa wakimbiaji wa kawaida, watu wa ofisini wanaoamka alfajiri. Kumbukumbu zake, This Voice in My Heart, zilichapishwa mwaka 2006, na mwaka huohuo aliasisi Gazelle Foundation, taasisi inayochangisha fedha kwa mbio za Austin ili kuleta maji Burundi. Maji hayo hayavutwi kwa mashine: chemchemi ya kilimani huzibwa kwa saruji, bomba hufukiwa kufuata mteremko, na maji hushuka yenyewe mpaka kwenye vituo vya kuchotea, ambapo Wahutu na Watutsi wa vilima hivyo hupanga madumu yao ya manjano katika foleni moja.